Mjane wa Naini na neno "Usilie"

Kwenye msiba mmoja niliokwenda kama mwinjilisti, mama mfiwa alikaa mkekani na simu ya marehemu mwanawe mkononi. Ilikuwa kitochi cha kawaida, kimefungwa rababendi ili betri isidondoke. Kila ilipoita, mtu aliyekaa karibu aliipokea, akamweleza mpigaji kwamba kijana hayupo tena, akairudisha. Mama hakutaka izimwe. Alikuwa mjane, na huyo ndiye mtoto pekee aliyemzaa. Kijana alikuwa dereva wa bodaboda. Ajali ilimkuta usiku akirudi nyumbani.

Tulimzunguka kwa maneno. Mama, usilie. Jikaze, mama. Kazi ya Mungu haina makosa. Bwana ametoa, Bwana ametwaa. Nami niliyasema, tena kwa nia njema kabisa, kwa sababu ndiyo maneno niliyoyakuta. Jioni vijana walipokuwa wakifungua kamba za turubai, mama yule aliniuliza kwa sauti ya chini, "Mwinjilisti, hiyo kazi isiyo na makosa ndiyo hii?"

Sikumjibu. Usiku huo nilifungua Luka sura ya 7, kwa kuwa ndimo alimo mjane mwingine aliyefiwa na mwana pekee, na kwa kuwa Yesu naye alimwambia mama huyo neno lilelile tulilomwambia wa kwetu: usilie. Nimekisoma kisa hicho mara nyingi tangu siku ile. Ni mistari 7 tu, wa 11 hadi wa 17, na hakimo katika Injili nyingine. Nitakieleza hatua kwa hatua, maana naona tumechukua neno moja la Yesu tukaacha yote yanayolizunguka.

Kinaanzia safarini. Yesu anatoka Kapernaumu, mji wa ukingoni mwa ziwa, ulio chini ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 200, anapanda kuelekea nchi ya ndani. Hadi Naini ni kama kilomita 40. Mahali penyewe papo hata leo: ni kijiji kidogo cha Waarabu kiitwacho Nein, kusini ya Nazareti kwa kama kilomita 10, kwenye mteremko wa kaskazini wa mlima More. Wafransisko wana kanisa dogo pale. Ukizunguka mlima huohuo upande wa pili unafika palipokuwa Shunemu, ambako nabii Elisha alimfufua mtoto pekee wa mama mmoja, karne nyingi kabla ya Yesu. Watu wa Naini walikua na simulizi hilo kama mtoto wa Bagamoyo anavyokua na simulizi za bahari. Litatusaidia mbele.

Luka ameweka kisa hiki mara tu baada ya kile cha akida wa Kapernaumu, yaani mkuu wa askari, na ukivisoma pamoja unaona jambo. Akida ana mtumishi mgonjwa. Anatuma wazee wa Wayahudi wakamwombee, nao wanamjengea hoja: mtu huyu anastahili, analipenda taifa letu, ametujengea sinagogi. Kisha anatuma na rafiki zake. Mwishoni Yesu anastaajabia imani yake mbele ya watu wote. Kila kitu tunachofundishwa kuhusu maombi kimo: waombezi, unyenyekevu, imani kubwa, majibu. Geuza mstari, uko langoni pa Naini, mbele ya mwanamke asiye na hata kimoja. Hakutuma mtu. Hakuomba. Hatuambiwi kwamba alimjua Yesu. Imani yake haitajwi, wala sifa zake. Toka mwanzo hadi mwisho hasemi neno hata moja. Analia tu, na hata kilio chake tunakijua kwa sababu aliambiwa anyamaze.

Makundi mawili yanakutana. Moja linaingia mjini na Yesu, la watu wachangamfu walioona mambo makubwa huko watokako. Jingine linatoka na maiti, maana makaburi yalikuwa nje ya mji. Desturi ya Wayahudi ilikuwa kuzika siku ileile, kwa hiyo yawezekana kabisa kwamba alfajiri ya siku hiyo mama huyu alikuwa bado na mwana. Josephus, mwandishi Myahudi wa karne ya 1, anaeleza kwamba sheria yao iliwataka wote wanaokutana na mazishi njiani wayafuate na kuomboleza pamoja na wenye msiba. Basi lililotarajiwa ni kundi la Yesu kusogea pembeni, kuupisha msafara, kisha kuunga nyuma. Sisi tunalijua hilo. Hata magari hupunguza mwendo, wanaume huvua kofia, na mpita njia huingiza bega akabeba hatua chache japo hamjui aliyelala ndani.

Kuhusu huyo mama, Luka ametaja mambo mawili mafupi: maiti ni mwana pekee, na mama ni mjane. Kwa msomaji wa leo ni huzuni mbili zimekutana. Kwa msomaji wa wakati ule ilikuwa pia hesabu ya chakula. Soma Hesabu 27, orodha ya warithi: mwana, kama hayupo binti, kama hayupo ndugu za marehemu, kisha ndugu za baba yake, kisha jamaa wa karibu. Mke hamo. Mjane wa Israeli alikaa kwenye ardhi ya mumewe kwa kivuli cha mwanawe. Mwana akiondoka, kivuli kimeondoka. Ndiyo maana Torati inarudia na kurudia kuwataja wajane pamoja na yatima na wageni, wasionewe, waachiwe masazo ya mavuno. Ni watu ambao bila agizo wangesahaulika. Wanawake wengi wa kwetu hawahitaji kufafanuliwa hili. Wameshaona mashemeji wakija kupima kiwanja kabla matanga hayajaanuliwa.

Kuna jambo jingine ambalo naona lugha yetu inalijua kuliko lugha nyingi. Mwanamke wa kwetu akishazaa, jina lake la kuzaliwa hupumzika. Anakuwa Mama Fulani. Majirani, mchungaji, hata mumewe, wote wanamwita kwa mtoto. Sasa mtoto huyo pekee akifa, mnamwita nani? Mkimwita kwa jina la marehemu mnamtonesha kidonda, mkiliacha mnamfuta. Nimeona wanawake kwenye misiba wakimwita mwenzao "mama" tu, jina lililobaki wakalimeza. Naomi wa kitabu cha Ruthu alipitia hapohapo. Alirudi Bethlehemu bila mume na bila wanawe wawili, na wanawake walipomwita kwa jina lake akakataa: msiniite Naomi, niiteni Mara, maana Mungu amenitenda mambo machungu. Wala Biblia haimkemei kwa kusema hivyo. Mjane wa Naini hakuandikiwa jina. Luka anamwita kwa mwanawe: "mamaye".

Sasa mstari wa 13. "Bwana alipomwona alimwonea huruma." Hii ni mara ya kwanza kwa Luka, akisimulia kwa maneno yake mwenyewe, kumwita Yesu "Bwana". Amekuwa akimwita Yesu. Hapa, mbele ya maiti, anambadilishia jina. Na "Bwana", kwa Kigiriki cha Maandiko waliyoyasoma watu wa kwanza wa kanisa, ndilo jina lililosimama badala ya jina la Mungu. Mimi nimesema "Bwana ametwaa" makaburini miaka na miaka, na akilini mwangu Bwana huyo alikuwa upande wa kaburi, amenyosha mkono, anachukua. Luka anamwonyesha Bwana akiwa amesimama langoni, uso kwa uso na mama. Na aliyemwona ni mama. Mstari hausemi alimwona maiti.

Neno lililotafsiriwa "alimwonea huruma" linatokana na jina la Kigiriki la matumbo, viungo vya ndani. Huruma inayoshika ndani ya mwili, kama pale mtu anapoletewa habari mbaya akajishika tumbo. Kiebrania nacho kina neno la huruma linalofungamana na tumbo la uzazi. Ndilo linalosikika katika Isaya 49:15, Mungu anapouliza kama mwanamke aweza kumsahau mtoto anyonyaye asimhurumie mwana wa tumbo lake, kisha akasema hata hao wakisahau, yeye hasahau. Na sisi Waswahili tuna neno uchungu. Ni uchungu uleule unaomshika mama anapozaa na unaomshika anapozika. Wahenga wakasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Kwa hiyo nikisoma mstari huu kwa Kiswahili cha nyumbani, nasikia kwamba Bwana alishikwa na uchungu. Uchungu wa yule mama ulihamia tumboni mwake.

Neno hilo la matumbo Luka amelitumia mara tatu kuhusu huruma ya namna hii: hapa, kwa Msamaria aliyemkuta mtu aliyepigwa na wanyang'anyi, na kwa baba wa mwana mpotevu. Katika yote matatu mpangilio ni uleule. Anaona. Anashikwa na huruma. Anasogea. Msamaria "akakaribia", baba "akaenda mbio", na Yesu hapa Naini "akakaribia". Hakuna aliyehurumia akiwa mbali akabaki mbali.

Nikawa nakwepa "Usilie", lakini ndilo neno lenyewe lililonipeleka kwenye kisa hiki. Kama Yesu alimwambia mfiwa asilie, je, si ruhusa kwetu sote? Tazama linafuatwa na nini. Halifuatwi na maelezo. Hakumweleza kwa nini mwanawe amefariki. Hakusema ni mapenzi ya Mungu, wala kwamba wapo waliofiwa na watoto wengi zaidi yake. Aliposema usilie alikuwa tayari anatembea kuliendea jeneza.

Neno jeneza nalo lina jambo. Mkristo wa bara akilisoma anaona sanduku la mbao lenye vanishi, vishikio na mfuniko. Ndugu zetu Waislamu wa Pwani wakisema jeneza wanaona machela ya msikitini, ile inayobeba maiti aliyefunikwa shuka hadi makaburini, maiti akatolewa na jeneza likarudi. Wengi wanaochambua kisa cha Naini wanakiona chombo kilichobebwa siku ile kuwa cha namna hiyo ya pili, machela ya wazi. Ndiyo maana kijana aliweza kuinuka akaketi papo hapo. Watafsiri wa Biblia ya mwaka 1952 waliandika "jeneza", na kwa msomaji wa Zanzibar au Lamu picha inakuja yenyewe. Mwili ule ulikuwa unaonekana. Na Torati, Hesabu 19, ilisema agusaye maiti atakuwa najisi siku 7. Kila aliyebeba alijua anachobeba. Yesu hakulazimika kukigusa. Alikuwa amemponya mtumishi wa akida bila hata kufika nyumbani. Hapa aliweka mkono. Wabebaji wakasimama. Msafara mzima ulikuwa ukielekea upande mmoja, nao ukasimama kwa mkono mmoja.

Basi hilo ndilo ninalotaka kulisema kwa wenzangu tunaohudumu misibani. "Usilie" ni neno la mtu anayekwenda kuondoa sababu ya kilio. Mdomoni mwake ni ahadi. Mdomoni mwetu, tusioweza kumrudisha mtoto, huwa ni amri kwa mtu aliyechoka, na mara nyingi tunaitoa kwa sababu kilio chake kinatushinda sisi. Paulo alipowaandikia Warumi hakutuagiza kumnyamazisha mtu. Alisema tulie pamoja na wanaolia. Hata lile la 1 Wathesalonike 4 tunalolisoma makaburini halikatazi huzuni. Linakataza kuhuzunika kama wasio na matumaini, na hayo ni mambo mawili.

Vivyo hivyo "Bwana ametoa, Bwana ametwaa". Nenda Ayubu 1:21 uone ni nani anayesema. Ni Ayubu, mfiwa mwenyewe, nguo zimeraruliwa, yuko chini. Ni haki yake kulisema, na akilisema linakuwa ibada. Rafiki zake watatu walipofika walikaa naye chini siku 7 mchana na usiku bila kumwambia neno, na siku hizo 7 ndizo walizofanya vizuri zaidi katika kitabu kizima. Walipoanza kufafanua ndipo walipoharibu, na mwishoni Mungu aliwakasirikia. Nasi tumeuchukua mstari wa mfiwa tukampa mshereheshaji wa msiba. Kuhusu "kazi ya Mungu haina makosa", Kumbukumbu la Torati 32:4 husema kazi yake ni kamilifu, nami naiamini. Lakini dereva aliyemgonga kijana yule usiku na kukimbia hakuwa kazi ya Mungu. Yule mama alilitambua hilo kabla yangu.

Kisha kijana akainuka, akaketi, akaanza kusema. Alisema nini, hatuambiwi. Luka anakimbilia kwenye maneno matatu: "Akampa mama yake." Hapa watu wa Naini wangekumbuka simulizi zote mbili za zamani, ya Elisha pale Shunemu na ya Eliya kule Sarepta, maana 1 Wafalme 17 husema Eliya naye alimshusha mtoto akampa mama yake, naye mjane. Hakumwita kijana amfuate. Wengine aliwaita waache nyavu na wazazi. Huyu alimrudisha nyumbani.

Lakini yule mama wa mkekani hakurudishiwa wake. Hili siwezi kulipita, na nadhani anayehubiri Naini bila kulitaja anawaumiza watu. Yesu mwenyewe hakulikwepa. Sura tatu nyuma, Luka 4, akiwa katika sinagogi la Nazareti, alisema palikuwa na wajane wengi katika Israeli siku za Eliya, mbingu zilipofungwa miaka mitatu na miezi sita, wala Eliya hakutumwa kwa mmojawapo ila kwa yule wa Sarepta. Wajane wengi, na mmoja. Yeye aliyemzuia kijana wa Naini asizikwe aliijua hesabu hiyo. Siku ile ile, katika miji mingine ya Galilaya, bila shaka palikuwa na mama wengine waliozika na wakarudi nyumbani peke yao.

Ninachokiona kwenye maandishi ni kwamba huruma ilitangulia muujiza. "Alimwonea huruma" limekamilika kabla mkono haujagusa jeneza. Kama kisa kingekatika hapo, mama yule angekuwa tayari ameonwa na Bwana, na Bwana amekwisha kushikwa na uchungu wake. Ufufuo wa kijana ulikuwa ishara, na yule kijana alikufa tena baadaye, labda akazikwa kwenye makaburi yaleyale. Tumaini letu halining'inii kwake. Linaning'inia kwa mwana mwingine wa mama mwingine. Yusufu haonekani tena katika habari za Yesu mtu mzima, na wengi tangu zamani wameelewa kwamba Mariamu alikuwa mjane kufikia wakati huo. Naye alisimama nje ya lango la mji, akamtazama mwanawe akifa, na safari ile hakuna aliyesogea kugusa na kusimamisha. Akiwa msalabani, pumzi inakwisha, Yesu alimtazama mama yake na yule mwanafunzi akasema, "Mama, tazama, mwanao." Hata pale alikuwa anafikiria mama atakaa na nani. Siku ya tatu Baba alifanya kwa Mwana wake alichofanya Mwana kwa kijana wa Naini, ila huyu hafi tena. Kwa hiyo nikisimama kaburini na kusema tutaonana asubuhi ile, sisemi ili kumnyamazisha mtu. Nasema kwa sababu lilitokea.

Watu wa Naini walipaza sauti: "Mungu amewaangalia watu wake." Kigiriki chake ni neno la kwenda kumjulia hali mtu, kumtembelea. Kiswahili kimelibeba vizuri bila kujisumbua, maana sisi husema nimekwenda kumwangalia mgonjwa, nimekwenda kumwangalia mfiwa. Mungu amekuja kuwaangalia.

Nilirudi kwa yule mama mara kadhaa baada ya matanga, na safari hizo sikwenda na mistari. Nilimwuliza mwanawe alikuwa mtu wa namna gani. Alinieleza kwa muda mrefu, akalia, akaendelea kueleza, na kuna mahali alicheka. Lakini aliyemhudumia kuliko mimi ni jirani yake, mama muuza maandazi. Nyumba ile haikuwa na umeme. Kila asubuhi jirani huyo alipita kuichukua ile simu, akaipeleka kwenye kibanda cha kuchajia, akalipia kutoka mfukoni mwake, na jioni akairudisha imejaa. Niliwakuta siku moja. Sikumsikia akisema neno lolote la faraja. Alikaa kando yake mkekani, akakishika kiganja cha mwenzake, akakifungua taratibu, akaiweka simu ndani yake.